Afande Akiinua Mkono: Mwongozo wa Abiria wa Nairobi

Kabla sijapata kazi ya kukaa, nilikuwa makanga, mshika mlango wa matatu, miaka mitatu, njia ya Githurai na mjini. Kwa hiyo najua kitu ambacho abiria wa kiti cha nyuma hakioni: noti iliyokunjwa mara nne, ikabanwa kati ya vidole viwili, makanga akashuka akamsalimia afande kwa mkono, akarudi na mkono mtupu. Ni sekunde tatu. Ndani ya gari watu wanaona tu tumesimama kisha tumeondoka. Siku salamu ikikataliwa, au afande akiwa na mkubwa wake karibu, ndipo mambo yanapoingia hadi kiti cha nyuma.

Mwongozo huu ni wa siku hiyo. Dereva ana mambo yake na sacco yake, ule ushirika wa wenye matatu. Mimi nazungumza na wewe uliyelipa nauli, ukaweka mkoba mapajani, na sasa umeona tochi inamulika dirishani pale karibu na Roysambu. Jambo la kwanza uliweke kichwani: kilichosimamishwa ni gari. Wewe hujasimamishwa. Mpaka afande akutajie kosa lako, wewe ni mtu aliye safarini, na Kifungu cha 39 cha Katiba ya 2010 kinakupa uhuru wa kwenda unakokwenda. Mengi nitakayosema yanatoka hapo.

Kabla hujapanda

Beba kitambulisho. Weka kichwani nambari mbili za simu za watu wako, si kwenye simu, kichwani. Ukifika kituo cha polisi simu ndiyo itakayochukuliwa mapema, na nimeona mtu mzima akilia mbele ya kaunta kwa sababu nambari pekee aliyoikumbuka ilikuwa yake mwenyewe.

Funga mkanda. Najua ule mkanda umekauka jasho la wiki mbili na kifungio chake kimevunjika. Tangu enzi za sheria za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, mwaka wa 2004, mkanda kwenye matatu ni lazima, na chini ya kanuni za makosa madogo ya barabarani za 2016, abiria asiyeufunga faini yake ni shilingi 500. Anayetoa kichwa au mkono nje gari likienda ni 1,000. Wewe wa boda, ukipanda bila helmeti na jaketi la kung'aa, ni 1,000 pia, na ni yako, haimhusu mwenye pikipiki. Nayataja haya mapema kwa sababu hayo ndiyo yanayompa afande njia halali ya kutoka kwa dereva na kuja kwako. Kama mkanda hauna kifungio, mwambie makanga kabla gari halijaondoka, na useme kwa sauti ili jirani asikie. Ukisimamishwa utakuwa na shahidi.

Kwa safari ya usiku, piga picha ya nambari ya gari na jina la sacco lililo mlangoni. Basi.

Hatua ya kwanza: jua ni nani aliyesimamisha

Nairobi ina watu wengi wenye kuinua mkono barabarani. Kuna polisi wa trafiki. Kuna polisi wa kawaida kwenye vizuizi vya usiku, ambao wanatafuta bunduki na mali ya wizi kuliko leseni. Kuna maafisa wa NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani. Halafu kuna kanjo. Hawa ni askari wa kaunti, na kazi yao ni sheria ndogo za kaunti: gari limebeba watu pasipo steji, limeegeshwa pabaya, na kadhalika. Kanjo akikuambia ufungue mkoba, mwulize kwa upole ni sheria gani ya kaunti inayohusu mkoba wako. Kwa kawaida ataondoka kumtafuta dereva.

Polisi aliyevaa sare anatakiwa na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, kwenye jedwali lake la sita, awe na jina au nambari ya huduma mahali panapoonekana wazi. Isome. Kama jaketi la kung'aa limefunika, usianze kubishana hapohapo. Kumbuka vitu vingine: saa, mahali (chini ya daraja gani, mbele ya petroli stesheni gani), nambari ya gari lao, walikuwa wangapi, nani alikuwa na bunduki ndefu. Malalamiko mengi hufa kwa kukosa haya, na hakuna hata moja linalohitaji ujasiri. Yanahitaji macho tu.

Asiye na sare ni habari nyingine. Ana kitambulisho cha kazi, kile sheria inakiita cheti cha uteuzi, na una haki ya kukiona kabla hajagusa chochote chako. Akikataa, na gari alilokuja nalo halina nambari, usishuke kimyakimya. Taja jina lako kwa sauti, mara mbili, na useme unatoka wapi na unakwenda wapi. Abiria wenzako hawatakupigania, lakini watakumbuka.

Hatua ya pili: kaa, na uwe na swali moja tayari

Usishuke mpaka uambiwe. Usimjibie dereva. Afande akiuliza gari limetoka wapi na limebeba watu wangapi, hilo ni la makanga. Wengi wetu tuna kiherehere cha kumsaidia makanga kujibu na tunaishia kuitwa mashahidi.

Adabu haipunguzi haki yako. Sema "afande," au "mkubwa" kama amekuzidi umri, na mikono iwe mahali anapoiona. Akikuita "we kijana" ama "madam" kwa ukali, meza. Jioni ya saa moja na nusu, afande amesimama kwenye moshi tangu asubuhi, na anayepandisha sauti kwanza ndiye anayekuwa mkosaji hata kama hana kosa.

Ikiwa mazungumzo yamefika kwako, swali lako ni hili: "Samahani afande, mimi nimekamatwa? Kwa kosa gani?"

Liulize kama unavyouliza bei ya sukuma. Nguvu yake ni kwamba Kifungu cha 49 cha Katiba kinamlazimu anayekamata amweleze aliyekamatwa sababu, mara moja, kwa lugha anayoifahamu. Akisema "ndiyo," lazima ataje kosa, na kosa likishatajwa halibadilishwi ovyo baadaye. Akisema "hapana," basi huna la kukuzuia, na unaweza kusema, "Basi naomba niendelee na safari." Jibu la tatu, ambalo ndilo la kawaida, ni "ngoja hapo kidogo." Hilo halina maana yoyote kisheria. Ngoja dakika chache, kisha uliza tena, sauti ileile.

Hatua ya tatu: upekuzi

Hapa ndipo watu wanapoumizwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Polisi ana uwezo wa kusimamisha gari na kulipekua, na hata kumpekua aliyemo, akiwa na sababu ya msingi ya kushuku. Hiyo ipo kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai na kwenye sheria ya polisi yenyewe. Lakini Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda mwili wako, nyumba yako na mali yako dhidi ya upekuzi, kwa hiyo ile sababu lazima iwepo. "Umevaa kofia" si sababu. "Tumepata ripoti mtu mwenye begi jeusi ameiba simu pale Allsopps" inaweza kuwa sababu. Uliza: "Afande, unatafuta nini?" Swali hilo lina faida ya pili: aliyesema anatafuta bunduki hana la kufanya ndani ya pochi ya shilingi.

Je, ukatae? Maoni yangu, na kuna mawakili watakaonipinga: usikatae kwa mwili. Usivutane begi. Sema wazi, "Sikubali, lakini sitakuzuia," kisha usimamie vile begi linavyofunguliwa. Ubishi kuhusu sababu uuweke kortini, ambako hakuna mwenye bunduki mbele yako.

Na hivi ndivyo begi linavyofunguliwa. Liweke mapajani au juu ya kiti, usimpe mkononi. Fungua zipu mwenyewe. Toa kitu kimoja kimoja ukikitaja: chaja, daftari, chakula, sweta. Ukimaliza, ligeuze ndani nje. Kila mkazi wa Eastlands amesikia habari ya kijana aliyetoka nyumbani na vitabu akafika kituoni na rola mbili za bangi. Mkono wa mtu mwingine ukiingia kwenye begi lako lisilo wazi, huna tena njia ya kueleza kilichotoka. Mifuko ya suruali vilevile: itoe nje mwenyewe, ining'inie kama masikio ya mbuzi.

Mwanamke anapekuliwa na mwanamke. Si hisani ya afande; ni kifungu cha 27 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, na kinasema ifanywe kwa kuchunga heshima. Nikiwa bado kazini, usiku mmoja tulisimamishwa na maafisa wanne wanaume, na mmoja akamwambia binti aliyekaa nyuma ya dereva asimame apapaswe. Kabla binti hajajibu, mama mmoja wa makamo, kikapu cha ndizi miguuni, akasema bila kuinuka: "Afande mwanangu, huyu anangoja afisa mwanamke. Na sisi tunangoja naye." Hakuna aliyepiga kelele. Watu wakakaa tu wakimtazama yule afisa. Dakika kumi hivi, tukaambiwa twende. Nimefikiria usiku ule mara nyingi. Mimi makanga nilikuwa nimenyamaza.

Hatua ya nne: simu

Vitu viwili vinachanganywa hapa. Cha kwanza ni simu yako kupekuliwa. Ujumbe wako ni mawasiliano ya faragha na Kifungu cha 31 kinayataja. Afisa barabarani hana haki ya kukuambia ufungue WhatsApp asome; hilo ni la amri ya mahakama. Jibu ni fupi: "Hiyo itahitaji amri ya korti, afande." Kama uso au kidole chako ndicho kinachofungua simu, izime kabisa mapema, kwa sababu ikiwaka upya inadai namba ya siri.

Cha pili ni wewe kumrekodi. Afisa anayefanya kazi ya umma barabarani anaweza kupigwa video, na hakuna sheria inayosema abiria hawezi. Ndani ya kituo au kambi ya polisi usijaribu, huko mambo ni mengine. Ila barabarani nako, kuna kurekodi na kuna kurekodi. Simu iliyoinuliwa usoni mwa mtu mwenye bunduki, saa tatu usiku, na gari tupu, hiyo mimi singeifanya. Iache kifuani, kamera ikitazama mbele, ama washa kinasa sauti tu. Sauti inatosha. Abiria wa kiti cha mbali ndiye anayefaa kurekodi, si yule anayehojiwa. Video ikishapatikana itume kwa mtu saa hiyohiyo, usingoje kufika nyumbani. Na usiiweke mtandaoni kabla hujalalamika rasmi. Nimeona kesi nzuri ikiharibika kwa sababu mwenye video aliikata ili ichekeshe.

Hatua ya tano: "tumchangie afande"

Makanga akirudi ndani na kusema, "Wasee, hapa tunalala, kila mtu atoe fifty," usitoe. Sababu si uchamungu. Chini ya Sheria ya Hongo ya 2016, anayetoa na anayepokea wote wana kosa, na pesa ikishatoka mfukoni mwako umehama kutoka kwa abiria ukawa mshiriki. Tena sehemu kubwa ya mchango huo haifiki kwa afande. Niamini. Tulikuwa tunagawana.

Wewe binafsi ukiambiwa "utatoka aje hapa?" ama "nisaidie nikusaidie," jibu ambalo limenifaa ni kujifanya mjinga wa kweli: "Afande, kama kuna faini niandikie, nitalipa." Makosa yale madogo yana utaratibu wake: unaandikiwa taarifa ya kosa, na una hiari ya kukubali ulipe kiwango kilichowekwa au kukana uende kortini. Pesa za faini haziendi mkononi mwa aliyekuandikia. Ukiambiwa utume kwa nambari ya mtu, au kwa ajenti wa M-Pesa aliye hapo ng'ambo, hiyo ni hongo iliyovaa tai. Ikiwa umeshatuma kwa woga, usifute ule ujumbe. Una jina, nambari na saa, mambo ambayo wapelelezi huhangaika kuyapata. Tume ya maadili na kupambana na ufisadi, EACC, ina nambari ya bure, 1551.

Hatua ya sita: afande akipanda gari

Hii ni ya Nairobi kabisa. Salamu imekataliwa, afande anafungua mlango wa mbele, anamwondoa aliyekaa kando ya dereva au anajibana hapo, kisha anasema, "Twende kituoni." Watu kumi na wanne wanajikuta wanapelekwa kituoni kwa kosa la tairi kuisha meno.

Gari kweli linaweza kupelekwa likakaguliwe. Sheria ya Trafiki inaruhusu. Abiria si sehemu ya gari. Mmoja wenu, na ni afadhali awe mtu mzima mwenye sauti tulivu, aseme: "Afande, sisi abiria tunaomba kushuka hapa. Nani kati yetu amekamatwa?" Watu wakisema pamoja hushushwa. Mkishushwa, chagueni mahali penye taa na watu; katikati ya Outering Road usiku hapafai, afadhali muombe gari lisonge hadi steji inayofuata.

Kisha nauli. Safari ambayo haikukamilika nauli yake hurudishwa, na makanga analijua hilo vizuri kuliko anavyoonyesha. Mbinu yetu ilikuwa kutoweka: makanga anaingia gizani kuongea na afande na harudi. Kwa hiyo mkabeni kabla ya mlango kufunguliwa. Kama alitumiwa kwa simu, mwambie arudishe kwa njia hiyohiyo mkiwa mmesimama naye. Akikwepa, chukua nambari ya gari na upige simu ofisi ya sacco kesho yake. Sacco nyingi hulipa bila maneno mengi, kwa kuwa hawataki jina lao lifike NTSA kwa ajili ya shilingi mia.

Hatua ya saba: ukikamatwa kweli

Usikimbie, usishike mkono wa afisa. Taja jina lako kamili kwa abiria wenzako na umwombe mmoja apige nambari uliyoikariri. Uliza unapelekwa kituo gani. Kituo hicho kitajwe kwa sauti.

Naona watu wakilidharau hili, wakidhani ni la filamu. Mwaka wa 2015 mwendesha boda Josephat Mwenda alisimamishwa na afisa wa polisi kule Mlolongo, akapigwa risasi mkononi. Akalalamika rasmi. Tarehe 23 Juni 2016 yeye, wakili wake Willie Kimani na dereva wao wa teksi Joseph Muiruri walitekwa wakitoka mahakama ya Mavoko. Wakiwa wamefungiwa kwenye kambi ya polisi huko Syokimau, Kimani aliandika kwenye kipande cha karatasi ya shashi ombi kwamba mke wake apigiwe simu, akakirusha nje. Kipande hicho kilikuwa miongoni mwa njia zilizofungua kesi. Wote watatu waliuawa. Mwaka wa 2022 maafisa watatu na mpashaji habari wao walipatikana na hatia, na Februari 2023 mmoja wao, Fredrick Leliman, akahukumiwa kifo. Kwa hiyo taja jina lako. Taja kituo.

Kwenye kaunta ya kituo angalia uandikwe kwenye kitabu cha matukio, ile OB, na uombe nambari yake. Vitu vyako vikichukuliwa viorodheshwe mbele yako, simu kwa aina yake na pesa kwa kiasi chake, ndipo utie sahihi. Ukiwekewa karatasi usiyoielewa usitie sahihi. Una haki ya kunyamaza, na kunyamaza si utovu wa adabu: toa jina lako, kisha sema, "Mengine nitaongea nikiwa na wakili." Una haki ya kumpigia wakili na mtu mwingine ambaye msaada wake unahitajika.

Sasa dhamana, jambo ambalo Wakenya huliwa sana. Bondi ya polisi, yaani kuachiliwa kwa ahadi ya kurudi au kufika kortini, hailipiwi hata shilingi. Ile ya pesa taslimu ipo na ni halali, lakini ni amana: unapewa stakabadhi, na kesi ikiisha ukiwa ulifika kortini, unarudishiwa. Hakuna stakabadhi, hakuna dhamana. Hiyo pesa imekwenda. Muulize OCS, yaani mkuu wa kituo, si yule kijana wa kaunta. Tena Kifungu cha 49 kinasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Ukiambiwa utalala ndani kwa sababu ya mkanda, litaje hilo kwa upole na uombe OCS aitwe.

Saa 24 ndiyo kikomo cha kukufikisha mbele ya hakimu. Zikiishia wakati korti imefungwa, ni siku ya korti inayofuata, na ndiyo maana misako hupenda Ijumaa jioni. Anayekamatwa Ijumaa saa kumi na mbili anaweza kuonana na hakimu Jumatatu, na kati ya hapo kuna watu wengi wa kumwambia "ongea vizuri utoke." Familia ikijua mapema Ijumaa hiyo, bondi hupatikana kabla ya OCS kwenda nyumbani.

Kortini asubuhi mtaitwa kwa mafungu na mambo huenda haraka. Shtaka likisomwa na hujalielewa, sema hujalielewa. Mkalimani ni haki yako. Mwenzako wa benchi atakunong'oneza, "Kubali tu, ulipe twende." Kama kweli hukufunga mkanda, kubali na ulipe, hakuna aibu. Kama shtaka limekuwa la kumzuia afisa kufanya kazi, au kusababisha fujo, kana. Hilo si jambo la kukubali kwa sababu una haraka ya kufika kazini. Asiye na uwezo wa wakili anaweza kujaribu Kituo cha Sheria, ambacho kimekuwa kikisaidia wanyonge Nairobi tangu 1973, au huduma ya serikali ya msaada wa kisheria.

Hatua ya nane: ukiumizwa au ukidhulumiwa

Sheria inamtaka polisi ajaribu njia isiyo na nguvu kwanza, na nguvu ikitumika ilingane na hatari iliyopo. Akimjeruhi mtu anapaswa kumpatia matibabu na kuwajulisha jamaa zake. Kofi la kukuharakisha ushuke halimo mahali popote katika sheria hiyo.

Ukiumia, hospitali kwanza, kituo baadaye. Mwambie daktari sababu halisi, "nimepigwa rungu na afisa," wala usiseme ulianguka, kwa sababu analoandika siku ile ndilo litakalosomwa miezi sita mbele. Piga picha majeraha siku hiyo na siku ya tatu, kwani uvimbe hubadilika rangi. Fomu ya P3, ile daktari anayoijaza kueleza majeraha, hutolewa kituoni na si ya kununua. Kama waliokuumiza ni wa kituo hicho, nenda kingine.

Mahali pa kulalamika ni IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Nambari yao ya bure ni 1559, au uende mwenyewe. Huhitaji wakili na huhitaji pesa, na hata shahidi aliyekuwa kiti cha nyuma anaweza kulalamika kwa niaba ya aliyedhulumiwa. Polisi wenyewe wana kitengo cha masuala ya ndani, ambacho hufaa zaidi kwa utovu wa nidhamu kuliko kwa majeraha. Nikuambie ukweli: ni pole pole. Mimi nililalamika mara moja, baada ya afisa kunipiga buti kwenye goti nikiwa mlangoni, na simu ya kwanza ya kuniuliza zaidi ilikuja baada ya wiki nyingi. Nilipoulizwa ni saa ngapi tukio lilitokea, nilisema "jioni jioni hivi." Jina la afisa sikulijua. Nambari ya gari lao sikuiona. Aliyenihoji alinyamaza kidogo kwenye laini, akanishukuru, na hapo ikaisha.

Kwa hiyo andika usiku huohuo kabla ya kulala. Anza na saa na mahali, kisha nani alisema nini, kwa maneno yao yenyewe, hata kama ni matusi. Halafu mashahidi: hata "mama wa ndizi, hushuka Zimmerman" inafaa kuliko kutoandika kitu. Ukipeleka malalamiko utapewa nambari ya kumbukumbu. Iandike mahali pawili, na kimoja kisiwe simu, maana simu za Nairobi tunazijua.